Baada ya Kuwekewa Nyonga Bandia: Kazi Inayobaki Nyumbani

Mgonjwa aliyebadilishiwa nyonga hurejea nyumbani na vitu vitatu: kidonda kilichoshonwa, magongo mawili na karatasi ya mazoezi. Kidonda huulizwa na kila anayekuja kutoa pole. Karatasi hukunjwa ikawekwa chini ya mto. Mara nyingi si kwa uvivu wa mgonjwa, bali kwa huruma ya jamaa: binti humletea mama chakula kitandani, mjukuu humzuia asisimame, na jirani husisitiza kwamba aliyepasuliwa mfupa hana budi kulala. Huruma hiyo ni ya kweli, lakini yaweza kumdhuru mgonjwa.

Nyonga ni kiungio ambamo kichwa cha mfupa wa paja, chenye umbo la tufe, huzunguka ndani ya kikombe cha fupanyonga. Kiungio hicho huharibika kwa kusagika, kwa kuvunjika shingo ya mfupa wa paja hasa uzeeni, au kwa kichwa cha mfupa kukosa damu kikafa, jambo linalowapata hata vijana wenye selimundu. Katika upasuaji, unaofanyika hapa nchini katika hospitali kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), daktari huondoa sehemu mbovu na kuweka kichwa na kikombe bandia. Hubadilisha kiungio; habadilishi misuli. Misuli iliyosinyaa kwa miaka ya kuchechemea hubaki vilevile, na ndiyo inayopaswa kukishikilia kiungio kipya.

Wagonjwa wa John Charnley, daktari aliyeanzisha upasuaji huu kwa mtindo wa kisasa nchini Uingereza mwaka 1962, walilazwa kitandani wiki kadhaa. Leo mgonjwa husimamishwa siku hiyohiyo au siku inayofuata, kwa kuwa mtu asiyetembea huweza kuganda damu katika mishipa ya miguu, na bonge la damu likifika mapafuni huua upesi.

Mazoezi ya mwanzo ni mepesi kiasi cha kudharauliwa. Akiwa amelala chali, mgonjwa huchezesha nyayo juu na chini kila saa anapokuwa macho, ili damu ya miguuni isituame. Hukaza misuli ya paja kwa kulikandamiza goti kitandani, huhesabu hadi tano, kisha hulegeza. Hukaza makalio vivyo hivyo. Baadaye, akishikilia meza imara, huupeleka mguu pembeni na kuurudisha polepole. Zoezi hili la mwisho lina thamani kubwa, kwa sababu misuli ya ubavu wa nyonga ndiyo inayomzuia mtu asiyumbe anapotembea. Idadi na muda hupangwa na mtaalamu wa fiziotherapia, si na jirani aliyewahi kuvunjika mguu.

Katika kutembea, magongo hutangulia, hufuata mguu uliopasuliwa, kisha mguu mzima. Kwenye ngazi, hupanda kwa mguu mzima na kushuka kwa ule uliopasuliwa. Akifikia hatua ya mkongojo mmoja, aushike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi huushika upande wa mguu mbovu wakidhani ndio unaohitaji nguzo, na matokeo yake huzidi kuegemea upande huo.

Hatari nyingine imo katika vyombo vyetu vya kila siku. Kwa wiki za mwanzo, kwa kawaida 6 hadi 12 kadiri daktari atakavyoelekeza, wagonjwa wengi hukatazwa kukunja nyonga kupita pembe ya digrii 90, kupishanisha miguu, na kugeuza vidole vya mguu kuelekea ndani, kwa kuwa kichwa bandia chaweza kuchomoka. Kwa hiyo kigoda cha jikoni, kibao cha mbuzi, mkeka, ufagio mfupi wa uani na choo cha kuchuchumaa vyote huwekwa kando. Anayesali aketi kitini. Kiti kiwe na urefu wa kuyaacha magoti chini kidogo ya nyonga. Kuhusu choo, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara cha mbao chenye tundu, kikawekwa juu ya shimo. Kitengenezwe kabla mgonjwa hajatoka hospitali. Usiku wa kwanza nyumbani si wakati wa kumtafuta fundi.

Si kila hospitali ya wilaya ina mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa sababu hiyo, ndugu atakayemhudumia mgonjwa aombe kuyafanya mazoezi pamoja naye mbele ya mtaalamu kabla ya kuruhusiwa, aulize tarehe ya kurudi, na nakala ya maelezo aipeleke kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Dawa za kuzuia damu kuganda zitumike hadi siku iliyoandikwa, hata kama mgonjwa anajiona mzima.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, au mguu ukawa mfupi ghafla na kushindwa kukanyagwa, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akibanwa na pumzi ghafla au kuumwa kifua, apelekwe saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane.