Kibao Hakina Kinywa

Somo kwa wakatekumeni juu ya Amri ya Kwanza



Tuseme mtoto amekufa kijijini. Juzi alikuwa akicheza uwanjani. Homa ikampanda, na usiku wa tatu akakata roho. Kilio hakijaisha, na tayari mjomba wake anasema kwa sauti ya chini, "Twende kwa mpiga ramli, atuambie ni nani aliyemla." Mkatekumeni wa ukoo huo afanye nini? Akikataa, ataambiwa kwamba hakumpenda marehemu. Sikilizeni basi.

1. Kibao cha Wazande

Kaskazini ya Ituri, katika nchi ya Uele, wanakaa Wazande; ndugu zao wengine wako Sudan Kusini na Afrika ya Kati. Hao walikuwa na kibao cha kuulizia mambo, kiitwacho iwa. Ni kimeza kidogo cha mti, chenye miguu na mkia, na juu yake kifuniko chenye mpini. Mwenye kuuliza huukanyaga mkia, hukipaka kimeza utomvu, hukilowesha kifuniko kwa maji, kisha hukisukuma mbele na nyuma akitaja majina ya watu. Kuteleza ni jibu moja. Kunata ni jibu la pili. Hivyo jirani aliyelala nyumbani kwake huweza kuhukumiwa bila kuulizwa neno.

Mwingereza Evans-Pritchard alikaa kati ya Wazande wa Sudan katika miaka ya 1920, akaandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1937. Aliona kwamba Wazande wenyewe hawakukiamini kibao hicho kikamilifu. Walijua kwamba mwenye kukisukuma aweza kudanganya, na neno zito walilipeleka mbele ya benge, yaani sumu waliyowapa kuku. Basi mtu asiwaambie kwamba mashaka yameletwa na wageni. Wazee walikuwa nayo.

2. Meza ya Wazungu

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la Waafrika peke yao. Mwaka 1853 huko Uingereza watu wa heshima waliketi kuzunguka meza, wakaweka mikono juu yake, nayo ikaenda. Wengi wakasema ni mizimu. Mtaalamu Michael Faraday akaweka chini ya mikono yao karatasi ngumu, moja juu ya nyingine, zilizoshikizwa kwa gundi laini. Meza ilipokwisha kwenda, akazitazama. Kama meza ingalivuta mikono, karatasi ya chini ingalitangulia. Lakini zilizotangulia ni za juu. Kumbe mikono ndiyo iliyosukuma meza! Tena watu wale hawakuwa waongo. Walisukuma bila kujua. Faraday akawawekea kijiti cha kuonyesha kila msukumo wa mikono. Walipokitazama, meza ikatulia.

Mwaka 1891 huko Marekani kilisajiliwa kibao chenye herufi, jina lake Ouija, kikauzwa madukani kama mchezo. Watu huweka vidole juu ya kipande kidogo cha mti, nacho huenda kutoka herufi hata herufi. Siri yake ni ileile: mkono hufuata yaliyomo moyoni, ikiwa ni hofu au chuki.

3. Hatari yake

Mtu atasema, "Kama ni mikono tu, kuna dhara gani?" Dhara ni kubwa. Mwezi wa Juni 2001, katika eneo la Aru, huku kwetu Ituri, mamia ya watu waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Waliowaua hawakuwa wageni, bali wanakijiji wenzao. Jina likishatajwa, nani atalirudisha? Kibao hakina kinywa, lakini kinaweza kuua.

4. Mafundisho ya Kanisa

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, kinakataza kupiga ramli na kuwauliza wafu. Mfalme Sauli, alipoogopa vita, alimwendea mwanamke wa Endori usiku. Akarudi bila faraja. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 inakataza vivyo hivyo, kwa maana mwenye kupiga ramli anataka kushika mkononi yaliyo ya Mungu.

Nanyi jihadharini: medali na rozari si hirizi. Anayevaa medali ili risasi isimpate, huku hasali wala hapatani na jirani, amebadili kamba tu. Moyo ni uleule.

Maswali

Je, ni dhambi kutaka kujua sababu ya kifo? — Hapana. Mungu ametupa akili. Uliza zahanati ni ugonjwa gani, ili wadogo wa marehemu wapone.

Je, mpiga ramli akisema kweli mara moja? — Anayetaja majina mengi hakosi kupatia moja. Waulize wale aliowataja bure.

Mwapaswa kuwachukia wanaokwenda kwake? — La. Wanakwenda kwa sababu wana uchungu. Kaeni nao.

Azimio

Siku msiba utakapoingia ukooni mwako, mjibu mjomba kwa heshima: "Mjomba, nami nampenda mtoto huyu. Nitachimba kaburi pamoja nawe, nitakesha matangani. Lakini sitakwenda kutafuta mtu wa kumchukia." Kisha kaa naye mpaka asubuhi. Maneno yako atayasahau. Kukaa kwako hatakusahau.