Haki ya Mwenye Kutuhumiwa Ulevi

Twasikia katika baraza zetu ya kuwa dereva akikamatwa usiku kwa tuhuma ya ulevi, baadhi ya jamaa zake husema, "Mwacheni, ameyataka mwenyewe." Wengine hukimbilia kituoni na rushwa mkononi. Makundi yote mawili yamekosa.

Ulevi ni haramu, na mwenye kuendesha gari hali amelewa amezidisha dhambi juu ya dhambi, kwani amehatarisha roho za watu. Hilo halina shaka. Lakini kutuhumiwa si kuthibitishwa. Amepokea Imam Muslim ya kuwa Maiz alipomjia Mtume (s.a.w.) kukiri zinaa, Mtume alimrudisha mara kwa mara, akauliza kama ana wazimu, kisha akauliza kama amelewa, hata mtu mmoja akasimama akamnusa. Huyu alikuja kukiri mwenyewe, wala hakuhukumiwa kwa haraka! Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj ya kuwa adhabu ya ulevi haithubutu kwa harufu ya kinywa. Yataka ukiri au mashahidi wawili. Huenda mtu alinyweshwa kwa nguvu, au alikunywa asijue.

Hapa Kenya, kesi ya jinai haiendi kwa Kadhi. Katiba ya mwaka 2010 imemwekea Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Dereva huyu atasimama mbele ya hakimu. Basi yatupasa kujua haki alizopewa na Kifungu cha 49:

Kwanza, aambiwe upesi, kwa lugha aifahamuyo, sababu ya kukamatwa kwake.

Pili, ana haki ya kunyamaza, wala asilazimishwe kukiri.

Tatu, awasiliane na wakili, na wengineo ambao msaada wao wahitajiwa.

Nne, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, kabla ya kupita saa 24. Saa hizo zikimalizika wakati mahakama imefungwa, muda wake ni mpaka mwisho wa siku ya mahakama ifuatayo.

Tano, aachiliwe kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, ila pakiwa na sababu nzito ya kumzuia.

Na Kifungu cha 50 chasema ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike, na apewe mkalimani bila ya malipo akiwa haifahamu lugha ya mahakama.

Huenda mtu akauliza: je, kumtetea mlevi si kusaidia maasi? Twajibu: sivyo. Kunyamaza si kusema uwongo, na kutaka ushahidi si kuhalalisha pombe. Lililo haramu ni kumfundisha kukana alilolifanya, au kununua shahidi. Mtume (s.a.w.) aliwakataza Masahaba kumlaani mnywaji aliyekwisha kuadhibiwa, akawaambia wasiwe wasaidizi wa shetani juu ya ndugu yao.

Basi ndugu zetu, mwenzenu akikamatwa nendeni kituoni kwa adabu, mtafutieni wakili, mdhaminini. Mkitoa fedha za dhamana, daini risiti. Fedha isiyo na risiti ni rushwa, na Mtume amemlaani mwenye kuitoa na mwenye kuipokea. Na ikiwa kweli alikunywa, mnasihini faraghani atubu, kabla hajaua mtoto wa mtu barabarani.

Wabillahi taufiki.