Pua Inayoziba Upande Mumoja

Mama, mafua unayajua. Kila mwaka, wakati baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 inashika Lubumbashi na vumbi inapanda barabarani, watoto wanatokwa na makamasi na wewe pia unakohoa. Unasema: «Ni gripe tu, itapita.» Na kweli inapita. Siku 7, siku 10, imekwisha. Mafua ya namna hiyo yanaziba pua pande zote mbili, leo kuume, kesho kushoto.

Lakini kuna pua ingine isiyofuata njia hiyo. Imeziba upande mumoja tu, na ni upande uleule, wiki 3, mwezi, miezi 2. Inatoa usaha unaonuka, mara ingine na damu kidogo. Shavu la upande huo linauma ao linavimba. Umekunywa antibiotike mara 2, mara 3. Inapoa kidogo, kisha inarudi. Pua hiyo ndiyo tunataka uijue leo.

Je, uso wako umejengwa namna gani? Mifupa yake haikujaa yote kama jiwe. Ndani ya mashavu, kati ya macho na juu ya nyusi kuna vyumba vitupu vyenye hewa, na kila chumba kina mulango mudogo unaofunguka ndani ya pua. Wanganga wanaviita sinusi. Mulango ukiziba, maji ya ndani yanabaki na kuharibika, na ugonjwa huo unaitwa sinizite. Mara nyingi unaletwa na virusi ao mikrobe. Mara fulani unaletwa na kuvu.

Kuvu si mugeni kwako. Ni ile inayoota juu ya mukate uliolala, juu ya mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa mabichi bado, juu ya ukuta wakati wa mvua. Inatoa vumbi laini sana ambayo macho hayaioni. Sisi wote tunaivuta kila siku, na mwili wenye nguvu unaishinda bila sisi kujua. Kwa hiyo usiogope kila mukate wenye kuvu (utupe tu). Tena ugonjwa huu hautoki kwa mutu kwenda kwa mwingine. Hakuna lazima ya kumutengea mugonjwa sahani na kikombe. Na jirani akiona uso umevimba na kusema «Balimuloga», umujibu kwamba kuvu inaonekana ndani ya mikroskopi, na uloji hauonekani humo.

Kwa watu wengine kuvu inakaa ndani ya chumba kimoja na kujikusanya kama tonge la bukari. Inaziba na kunuka, lakini haili mufupa. Munganga anaitoa kwa operesheni, na mara nyingi mambo yanaisha hapo.

Kwa wengine inaingia ndani ya nyama pole pole, miezi na miezi, mupaka jicho linasukumwa inje ao pua na mudomo wa juu vinakuwa vigumu na vikubwa. Mambo haya hayakuanza jana. Katika inchi yetu ya Kongo, wanganga waliandika mwaka wa 1965 juu ya kuvu inayovimbisha pua na uso. Katika Sudani, inchi ya joto na vumbi nyingi, wanganga waliandika mwaka wa 1969 juu ya wagonjwa 17 wenye kuvu ndani ya sinusi.

Namna ya tatu ni ya haraka, na ndiyo inayoua. Inashika mutu ambaye mwili wake hauna askari wa kutosha: mwenye sukari isiyotunzwa, mwenye kutunzwa kansa, mwenye ugonjwa wa damu, ao mwenye SIDA iliyomumaliza nguvu. Kwa siku chache tu uso unavimba upande mumoja, ngozi ya shavu inakuwa kama imekufa ganzi, kope linaanguka, mutu anaona vitu viwili-viwili. Ndani ya pua ao juu ya kaakaa kunatokea alama nyeusi. Mufupa unaotenga sinusi na jicho ni mwembamba kama karatasi, na ubongo hauko mbali. Hapa usingoje kesho. Uje lopitali siku ileile, hata usiku.

Mwaka wa 2021, wakati wa Kovidi, Uhindi iliona zaidi ya wagonjwa 40,000 wa kuvu ya namna hiyo. Wengi walikuwa na sukari, na wengi walikuwa wamepewa dawa ya deksametazone ao ndugu zake.

Deksametazone! Mama, dawa hiyo unaijua. Ni moja ya vile vidonge vinavyouzwa sokoni ili mwanamuke anenepe, apate mashavu na matako. Munganga akiitoa kwa sababu na kwa siku alizohesabu, ni dawa nzuri. Lakini ukiikunywa miezi kwa kutafuta unene, inapandisha sukari ndani ya damu na kulaza askari wa mwili. Uso unajaa, ndiyo, lakini si afya iliyoujaza. Kama umekwisha kuikunywa muda murefu, usiikate kwa siku moja, maana mwili unaweza kuanguka. Uje kwanza, tukuonyeshe namna ya kuipunguza. Hatutakugombeza.

Sasa juu ya mutoto mudogo. Mutoto wa miaka 2 ao 3 akinuka pua upande mumoja, usiwaze kuvu kwanza, waza haragi! Wanaingiza haragi, shanga, kipande cha sifongo. Usichokoe na kijiti, utalisukuma mbali zaidi. Na kama ni batri ndogo ya saa, ukimbie naye, inaunguza pua kwa saa chache.

Nyumbani unaweza kusafisha pua na maji ya chumvi: nusu litre ya maji yaliyochemka na kupoa, pamoja na kijiko kimoja kidogo cha chumvi, kisichojaa sana. Lakini tumbako, maji ya majani ao unga wa mufumu usiingize ndani ya pua, hata bibi akikusukuma. Antibiotike pia haiui kuvu.

Hapa tutatazama pua na kupima sukari. Tukiwa na mashaka, tutakutuma kwa munganga wa masikio, pua na koo, ambaye atakata kanyama kadogo kwa kupima, na pengine ataomba skaneri. Bei yake ni muzigo, tunajua. Lakini hesabu feza uliyokwisha kuacha kwa farmasi kwa antibiotike zisizosaidia. Dawa za kuvu yenyewe zinakunywiwa wiki nyingi, mara nyingi miezi, na usiache kwa sababu pua imefunguka.

Ukija, leta fishi yako na makaratasi ya dawa zote ulizokunywa, hata zile za sokoni, na utuambie ni upande gani umeziba na tangu mwezi gani.