Kabaddi na Historia ya Bangladesh: Pendekezo kwa Mwalimu wa Watoto

1.0 Utangulizi

Historia ya nchi ya mbali humchosha mtoto inapofundishwa kama orodha ya tarehe. Makala haya yanapendekeza kwamba historia ya Bangladesh ianzie uwanjani, kwa kabaddi, mchezo wa taifa hilo ambao wenyeji huuita pia ha-du-du.

2.0 Mchezo

Timu mbili za wachezaji 7 hukabiliana katika uwanja uliogawanywa kwa mstari. Mvamizi mmoja huingia upande wa wapinzani huku akitamka “kabaddi, kabaddi” pasi na kuvuta pumzi. Akimgusa mpinzani na kurejea salama, aliyeguswa hutoka. Akizuiwa, au sauti yake ikikatika akiwa huko, hutoka yeye. Mpira hauhitajiki.

3.0 Historia

Bara Hindi lilipogawanywa mwaka 1947, Bengali ya Mashariki ilifanywa sehemu ya Pakistan, ingawa India iliitenga na upande wa magharibi. Watawala walishikilia kuwa Kiurdu pekee kiwe lugha ya taifa, ilhali raia wengi wa Pakistan nzima walisema Kibengali. Tarehe 21 Februari 1952, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji mjini Dhaka, wakiwemo wanafunzi, na kuwaua kadhaa. Katiba ya 1956 ilikitambua Kibengali, lakini manung’uniko ya kisiasa na kiuchumi yaliendelea hadi vita vya ukombozi vya 1971. Mwaka 1999, UNESCO iliiteua 21 Februari kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama.

4.0 Kuunganisha Mchezo na Historia

Baada ya mchezo, mwalimu awaulize watoto: mvamizi hupoteza nini sauti yake inapokatika? Kisha aulize: je, watu wakinyimwa lugha yao hupoteza nini? Hapo mwaka 1952 utaeleweka.

Tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, kabaddi ni kongwe kuliko mapambano hayo, na huchezwa pia India na Pakistan. Ulinganisho huu ni mbinu ya kufundishia tu. Pili, timu zisipewe majina ya mataifa, na wachezaji wabadilishane pande. Mtoto asidhani kwamba wasemaji wa Kiurdu ndio waliokuwa adui. Kilichopingwa ni sera ya kuipa lugha moja nafasi iliyostahili kuwa ya lugha mbili.

5.0 Hitimisho

Mtoto aliyecheza kabaddi atakuwa na swali kabla ya kupewa tarehe. Kazi ya mwalimu ni kulijibu kwa ukweli.