Kiti Kilichozaliwa na Baiskeli

Wengi wetu twapanda baiskeli kila siku, lakini ni wangapi waliopata kuutazama usukani wake na kujiuliza maswali? Mtu mmoja alifanya hivyo, na leo tutasoma habari zake.

Marcel Breuer alizaliwa Hungaria mwaka 1902. Alijifunza useremala katika Bauhaus, shule mashuhuri ya Ujerumani iliyofundisha sanaa pamoja na kazi za mikono. Mwaka 1925, akiwa mkuu wa karakana ya useremala ya shule hiyo mjini Dessau, alinunua baiskeli. Akaona kwamba usukani wake ni bomba la chuma lililopindwa, tena ni jepesi na lenye nguvu. Akawaza: ikiwa bomba laweza kupindwa hivi, kwa nini lisifanywe kiti?

Siri ya bomba ni nini? Chukua karatasi mbili zilizo sawa. Moja ikunje iwe bapa, nyingine iviringishe iwe bomba. Zilaze juu ya vitabu viwili kama daraja, kisha weka kalamu katikati. Ile bapa itabonyea upesi kuliko bomba, ingawa uzito wao ni mmoja. Ndivyo ilivyo kwa chuma pia: kikiwa mbali na kitovu huzuia kupindika zaidi, kikijazwa katikati huongeza uzito, lakini nguvu kidogo tu.

Basi Breuer akapinda mabomba, akayaunga, akawamba vitambaa vya kukalia na kuegemea. Baadaye kiti hicho kiliitwa Wassily, kwa jina la mchoraji Wassily Kandinsky, mwalimu mwenzake.

Mwaka 1926 Mholanzi Mart Stam aliunga mabomba ya gesi akafanya kiti chenye miguu ya mbele tu, nyuma hakina mguu. Kiti kile kilikuwa kigumu, hakikunesa. Mwaka 1928 Breuer naye alitoa kiti cha namna hiyo, nacho kilinesa kikamstarehesha mkaaji. Ikazuka daawa juu ya wazo hilo, na mwaka 1932 mahakama kuu ya Ujerumani ikaamua kwamba lilikuwa la Stam.

Hapa twajifunza mambo mawili. La kwanza, kitu tulichokizoea chaweza kutufunza jambo jipya tukikitazama vema. La pili, aliyetangulia apewe haki yake, hata ikiwa aliyefuata amefanya vizuri zaidi.