Spiriti ya 70 na Spiriti ya 96: Ipi Yafaa Nyumbani?



Mhariri wa kurasa zetu za Kiswahili ameniomba niandike somo moja la sayansi lenye faida nyumbani. Kwanza nilifikiri habari za nyota, walakini nikaona kwamba nyota zaweza kungoja. Katika nyumba nyingi iko chupa ya spiriti juu ya kabati, na wachache katika sisi wajua kusoma namba iliyoandikwa juu ya chupa hiyo. Mimi mwenyewe nilipata maksi nzuri za kemia katika shule hii, na bado sikujua, mpaka jambo lenyewe lilipoingia nyumbani kwetu.

Kwetu ni Nakivale, wilaya ya Isingiro, katika yale makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa miaka ya mwisho ya 1950 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda. Leo wako huko watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili chasikika sokoni toka asubuhi hata jioni. Kaka yangu mkubwa ni kinyozi. Hana duka, hunyoa watu barazani petu kwa mashine ndogo, na vifaa vyake, taulo zake na beseni lake ni vile vile vya nyumbani. Katika mwaka 2021 watoto wa nyumba yetu walianza kutoka majipu. Alianza mmoja kisogoni, akafuata wa pili, kisha mtoto wa jirani aliyenyolewa kwetu. Wazazi wakaanza kunong'ona, na kinyozi akinong'onwa hana kazi tena.

Basi kaka alikwenda Mbarara kununua spiriti. Katika duka la dawa alionyeshwa chupa mbili, moja imeandikwa 70, ya pili 96. Akachagua ya 96. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mdogo wangu, hata wewe ungeletewa ripoti yenye 70 na nyingine yenye 96, ungechukua ipi?" Sikuwa na jibu. Akawa anapangusa mashine, beseni na meza kwa spiriti hiyo kali, na ilikuwa ikikauka kabla kitambaa hakijafika upande wa pili wa meza. Majipu hayakukoma. Fedha zilipopungua, aliongeza maji nusu kwa nusu ili chupa ipate kudumu. Majipu yakazidi.

Mwishowe nilikwenda naye kituo cha afya. Sista mmoja, mama mtu mzima, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Kijana, hiyo spiriti yako hukaa mbichi juu ya meza muda gani?" Kaka akasema, hukauka mara moja, kwa kuwa ni kali. Sista akacheka. Akasema, "Ya kwanza ilikuwa kali mno, na ya pili ilikuwa dhaifu mno. Ile uliyoiacha dukani ndiyo iliyokuwa dawa."

Maneno hayo yanataka kuelezwa. Namba iliyo juu ya chupa ni sehemu za alkoholi katika sehemu mia. Chupa ya 96 ina sehemu 96 za alkoholi na maji sehemu 4 tu. Chupa ya 70 ina maji sehemu 30. Mtu hudhani kwamba maji hayo ni hila ya mwenye duka. Sivyo. Mwili wa kijidudu umejengwa kwa protini, kama ute wa yai. Ukimimina spiriti juu ya ute wa yai utauona unageuka kuwa mweupe na kuganda kana kwamba umepikwa, na hivyo ndivyo spiriti iuavyo. Lakini ili protini ifunguke na kuharibika upesi, maji yahitajiwa. Spiriti iliyo karibu kuwa tupu humkausha kijidudu na kumgandisha kwa nje, nayo yenyewe hupaa kabla kazi haijaisha. Spiriti yenye maji hupenya ndani, tena hukaa muda zaidi juu ya kitu.

Tena vijidudu havilingani kwa ugumu. Katika majaribio ya maabara, vijidudu vya homa ya matumbo hufa ndani ya sekunde 10 kwa spiriti ya nguvu yo yote kutoka 40 hadi 100. Bali vile viletavyo usaha na majipu, vinavyoitwa stafilokoki, hutaka spiriti iliyo kati ya 60 na 95. Tazameni sasa bahati mbaya ya kaka yangu: 96 ilikuwa nje ya mpaka kwa upande wa juu, na alipotia maji nusu kwa nusu akapata karibu 50, nje ya mpaka kwa upande wa chini. Aliruka mahali penye dawa mara mbili. Jirani mmoja alikuwa amemshauri atumie waragi. Hiyo ya chupa ya dukani huwa 40, na ile ipikwayo vijijini, pamoja na kanyanga ya kwetu Kongo, hakuna ajuaye ni ngapi.

Mkiona chupa ya dawa ya mikono imeandikwa 80 au 75, msishangae. Shirika la Afya Duniani limetoa maelekezo ya kutengeneza dawa hiyo, ethanoli 80 au aisopropili 75, pamoja na gliserini kidogo ili ngozi isipasuke. Zote mbili ziko ndani ya mipaka.

Je, mtu mwenye chupa ya 96 aitupe? La, hasha. Hapa ndipo hesabu tuliyofundishwa itusaidiapo. Ukitaka lita moja ya 70, gawanya 70 kwa 96, kisha zidisha kwa 1000, utapata 729. Pima mililita 729 za spiriti, halafu jaza maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka ufike 1000. Nimesema jaza mpaka 1000. Sikusema ongeza 271, na tofauti ipo. Alkoholi na maji vikichanganywa hujibana: nusu lita ya hii na nusu lita ya yale hayafiki lita moja, hupungua mililita 30 na zaidi. Wanafunzi wa kidato cha pili waombeni walimu wenu mjaribu jambo hili, maana ni moja ya majaribio machache yanayoweza kumnyamazisha mtu anayejiona anajua.

Kwa mama asiye na chombo cha kupimia, yatosha hivi: vikombe vitatu vya spiriti ya 96 na kikombe kimoja cha maji, kwa kikombe kile kile. Atapata kama 74. Spiriti ikiwa ni ya 95, atapata kama 73. Yote ni sawa.

Na chupa isiyo na karatasi? Hizo ni nyingi, kwa kuwa wachuuzi humimina kutoka madumu makubwa wakauza kwa rejareja. Alkoholi ni nyepesi kuliko maji, na kwa hiyo mizani yaweza kusema. Pima chupa tupu, kisha ipime imejaa lita moja kamili, utoe uzito wa chupa. Lita ya maji ina gramu karibu 1000. Spiriti ya 40 ina kama 948. Ya 70 ina kama 886. Ya 96 ina kama 807. Hivi ni vipimo vya ethanoli, ile spiriti itokanayo na sukari na nafaka. Mizani ya mwuza sukari, ikiwa ni ya haki, yatosha kututenganishia 70 na 40. Walakini kuna jambo moja ambalo mizani haiwezi. Methanoli, ambayo ni sumu, ina wepesi karibu sawa na ethanoli, na haionekani kwa uzito wala kwa rangi. Mwezi wa Aprili 2010 makumi ya watu walikufa katika Kabale na Kamwenge kwa kunywa waragi iliyotiwa methanoli. Spiriti ya kuwashia taa na kusafishia rangi mara nyingi hutiwa methanoli makusudi ili watu wasiinywe. Kwa hiyo spiriti isiyo na karatasi nisingeitia mikononi mwa mtoto hata mizani ingesemaje.

Tukisha kupata 70, bado twaweza kuiharibu kwa kuitumia vibaya, na hapa ndipo sista alipotukemea zaidi. Spiriti haisafishi uchafu. Nywele, mafuta, jasho, damu na usaha ulioganda huwa kama blanketi juu ya vijidudu. Tena spiriti huigandisha damu ikashika zaidi. Hapana budi kuosha kwanza kwa sabuni na maji, kukausha, ndipo kutia spiriti mpaka kitu kilowe, na kukiacha kibichi kama dakika moja, kisha kikauke chenyewe. Kaka alikuwa akipangusa kwa haraka na kufuta kwa taulo lile lile la jana. Kuhusu wembe sista alikataa maneno yote: kila mtu na wembe wake mpya, maana spiriti ya kupangusa si dhamana ya kutosha kwa damu ya mtu mwingine.

Kuna vijidudu visivyokufa kwa spiriti yo yote. Daktari Robert Koch, yule Mjerumani ambaye miaka ya 1906 na 1907 alikuja visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria kuchunguza ugonjwa wa malale, alikuwa amekwisha kuonyesha katika mwaka 1881 kwamba mbegu ngumu za kimeta, ziitwazo spora, hukaa ndani ya alkoholi siku nyingi zisife. Kimeta si hadithi ya mbali kwetu; mwaka 2004 viboko wengi walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mtu aliyechinja ng'ombe mgonjwa asidhani kwamba spiriti imemaliza jambo. Kadhalika mtu akiharisha au kutapika nyumbani, sakafu yataka sabuni na klorini, kama JIK, wala si spiriti. Na tafadhalini, msichanganye JIK na spiriti katika ndoo moja kwa tamaa ya kupata nguvu mbili. Vikikutana hutoa vitu vya sumu vinavyodhuru pumzi na macho.

Basi 96 ina kazi gani? Ina kazi nzuri, ila si ya kuua vijidudu. Mahali ambapo maji ni adui, hapo ndipo pake: ndani ya mashine ya kunyolea baada ya kuondoa umeme, katika vyuma vya redio vilivyoshika mafuta, kuondoa gundi ya karatasi juu ya chupa au wino wa kalamu nzito juu ya kioo. Jihadharini na meza au kabati lililopakwa vanishi. Nyingine huyeyuka, likabaki doa jeupe ambalo mama hatalisahau. Plastiki nyingine pia hupasuka. Jaribuni kwanza mahali pasipoonekana.

Neno la moto sitalirefusha, lakini siwezi kuliacha. Watu hudhani ya 70 haiwaki kwa sababu ina maji. Mvuke wake waweza kushika moto katika joto la digrii 17 tu, na mchana wa Mbarara hupita hapo kwa mbali; tena mwali wake hauonekani vizuri juani. Nyumba zetu za Nakivale zina chumba kimoja au viwili, na sigiri iko pale pale. Sisi sasa tunachanganya nje, asubuhi, kabla ya kuwasha mkaa, na chupa hukaa juu, imefungwa, mbali na watoto.

Mtaniuliza kama majipu yalikwisha. Yalikwisha baada ya wiki chache. Lakini sitasema kwamba ni spiriti peke yake, maana wakati ule ule mama alianza kuzichemsha taulo zote, kila mtoto akapewa yake, na kaka akakataa kumnyoa mtu ye yote mwenye jipu mpaka lipone. Nilimwambia kaka kwamba kwa sayansi hatuwezi kujua ni lipi lililosaidia zaidi. Akasema yeye hana haja ya kujua, ataendelea kuyafanya yote.

Kila mwezi hupeleka chupa yake kwa mwuza sukari, huipima mbele ya watu, akaandika namba kwa mkono wake juu ya karatasi na kuibandika. Wateja wake huisoma hiyo karatasi kabla ya kukaa kitini, na mmoja wao, mzee wa Kisomali, amekwisha kumrudisha mara moja akapime upya.