GARI LA OTOMATIKI LINAPOVUJA MAFUTA YA GIA

Magari mengi yanayoletwa nchini kutoka Japani yakiwa yametumika ni ya otomatiki, yaani dereva hana klachi ya kukanyaga. Watu hudhani gari la aina hii lina akili yake. La hasha! Ndani ya giaboksi mna mafuta yanayosukumwa na pampu, na msukumo huo ndio unaokaza klachi ndogo ndogo na kubadilisha gia. Mafuta yakipungua, klachi huteleza na kuungua. Utasikia injini ikinguruma na gari haliendi, au ukiweka D linakaa kwanza kama linalofikiri. Hapo ukizidi kuendesha, jitayarishe kununua giaboksi nyingine, na bei yake si mchezo.

Kabla ya kushika spana, jua kinachovuja. Tandika kadibodi chini ya gari jioni, uitazame asubuhi. Mafuta ya gia aghalabu hutiwa rangi nyekundu ili yatambulikane, ingawa yakizeeka huwa ya kahawia. Usiharakishe kuilaumu giaboksi, kwani usukani wa magari mengi hutumia mafuta mekundu vile vile.

Sasa hapa ndipo wengi hukosea. Wanaona tone, wanafungua pale pale lilipodondokea. Gari likienda, upepo huyapeleka mafuta nyuma, nayo huteremka chini; kwa hivyo panapotona sipo panapovuja. Osha uvungu wa gari kwa sabuni, ukauke, liendeshwe kidogo, kisha utafute mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa penye unyevu. Kagua pia mipira inayopeleka mafuta kwenye radieta. Mpira uliopasuka au kibano kilicholegea ni kazi ya nusu saa.

Ikiwa panapovuja ni kwenye gasketi ya sampu, kazi hii yawezekana nyumbani, lakini mwanafunzi asiifanye bila mtu mzima. Egesha mahali tambarare, kinga magurudumu kwa mawe na uegemeze gari juu ya stendi madhubuti. Jeki ni ya kuinulia tu. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Mafuta yakiisha kupoa, yamwage kwenye chombo na uyapime ni lita ngapi. Teremsha sampu pole pole, maana bado ina mafuta ndani. Ndani utakuta sumaku. Unga laini wa kijivu usikutishe, lakini vipande vya chuma ni habari mbaya. Bandua gasketi kuukuu bila kuukwaruza uso wa giaboksi, kwa kuwa ni aluminiamu laini. Weka mpya, ingiza boliti zote kwa vidole, ndipo uzikaze kwa kupishanapishana, kidogo kidogo. Ukikaza kwa nguvu zote kama mtu anayefunga gurudumu la lori, ukingo wa sampu utapinda na mafuta yatavuja kuliko awali!

Rudisha kiasi kile kile ulichopima, cha aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Usichanganye ovyo. Washa injini, mguu kwenye breki, pitisha gia zote, rudi P, kisha upime kwa kijiti jinsi kitabu kinavyoagiza. Magari mengine hayana kijiti. Hayo mpelekee fundi mwenye vifaa. Mafuta machafu usiyamwage mtaroni.

Mafuta yakitokea pale injini inapoungana na giaboksi, basi sili ya mbele imekwisha, na hapo sharti giaboksi ishushwe. Hiyo si kazi ya uani. Zile dawa za chupa za kuziba mvujo ni plasta tu: hukufikisha kwa fundi, lakini hazimwondolei kazi.